Tahadhari ya Mvua, Upepo na Radi: Namna ya Kuisoma na Kuifanyia Kazi

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali iliipiga Kata ya Mwakata, iliyomo katika Halmashauri yetu ya Wilaya ya Msalala. Nyumba nyingi za matofali ya udongo ziliporomoka wenyewe wakiwa ndani. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, mifugo ilikufa, mazao yakalala shambani na mamia ya wananchi wakabaki bila makazi. Kwa mkazi wa Bugarama, Mwakata si habari ya mbali. Mvua zetu ni zile zile, na nyumba nyingi za vijiji vyetu zimejengwa kwa udongo ule ule.

Mvua ya mawe haizuiliki. Hata hivyo, kati ya wingu linapojikusanya na ukuta unapoanguka upo muda, na muda huo ndio unaopaswa kutumiwa na taarifa ya tahadhari. Makala haya yanaeleza namna ya kuisoma taarifa hiyo, kwa nini mara nyingi hupuuzwa, na nini kinapaswa kufanyika inapotufikia.

Hatari zinazotuhusu

Yanapotokea majanga mahali pengine nchini, maswali mengi huzuka hapa kwetu. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalipoufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, uvumi ulienea kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wa jiolojia walikwenda kuchunguza, na Serikali ikaeleza kuwa haikuwa volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi ya mvua, ikameguka.

Kuhusu Bugarama, ukweli ni huu: hatuna volkano hai. Miamba yenye dhahabu tunayoichimba katika ukanda huu ilitokana kwa sehemu kubwa na volkano za kale, zilizozimika zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Matetemeko ya ardhi yanaweza kutokea Kanda ya Ziwa, kama lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lakini si ya mara kwa mara. Hatari zinazotukabili kila msimu ni mvua kubwa, mvua ya mawe, upepo mkali, radi, na maji yanayojaa au kuporomosha mashimo ya uchimbaji. Kuziogopa zile za mbali huku tukizizoea hizi za karibu ni kosa linaloweza kugharimu maisha.

Kuisoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa taarifa ya hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo. Taarifa hiyo hutumia ngazi tatu. Angalizo, lenye rangi ya njano, humtaka mwananchi awe macho na afuatilie taarifa zinazofuata. Tahadhari, yenye rangi ya chungwa, humtaka ajiandae kuchukua hatua. Tahadhari kubwa, yenye rangi nyekundu, humtaka achukue hatua mara moja.

Chini ya kila ngazi huandikwa mambo mawili ambayo wengi wetu huyaruka. La kwanza ni uwezekano wa kutokea: mdogo, wastani au mkubwa. La pili ni kiwango cha athari zinazoweza kujitokeza. Mambo haya hayalingani siku zote. Tukio lenye uwezekano mdogo linaweza kuwa na athari kubwa, na hilo ndilo linalostahili maandalizi zaidi. Mfugaji hajengi zizi imara kwa sababu fisi huja kila usiku. Hulijenga kwa sababu usiku mmoja tu unatosha kumwachia hasara.

Ni vema pia kufahamu mpaka wa taarifa hiyo. Wingu la mvua ya mawe huweza kupiga vijiji vichache kwa muda mfupi na kuviacha vya jirani vikavu. Kwa hiyo taarifa hutaja mkoa au ukanda, na haiwezi kutaja kitongoji siku moja kabla. Taarifa inapotaja Mkoa wa Shinyanga, Bugarama imetajwa. Mvua isiponyesha kwetu siku hiyo, haina maana kwamba tumedanganywa. Huenda imenyesha kata nyingine.

Kwa nini tahadhari hupuuzwa

Sababu ya kwanza ni mazoea. Tahadhari tatu zikipita bila tukio, ya nne huonekana kelele. Dawa yake ni kuchagua hatua zisizo na gharama kubwa, ili hata mvua isipokuja tusione tumepoteza.

Sababu ya pili ni riziki. Januari 2024, wachimbaji wadogo 22 walifariki dunia katika machimbo ya Ng'alita, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, baada ya ardhi kuporomoka kipindi cha mvua kubwa. Shughuli katika eneo hilo zilikuwa zimezuiwa, na zuio lilijulikana. Lakini mtu anayeishi kwa kipato cha siku hupima hatari isiyo na hakika kwa njaa iliyo na hakika. Ndiyo maana agizo la "msiingie" peke yake halitoshi. Mwenye duara na viongozi wa kikundi wakubaliane na wachimbaji mapema, kabla ya msimu, kuhusu kiasi cha mvua kitakachosimamisha kazi, nani atatangaza, na nani atakagua kuta za shimo kabla ya kurejea. Uamuzi unaofanywa juani ni mwepesi kuliko unaofanywa mvua ikinyesha huku mawe yenye dhahabu yakingoja chini.

Sababu ya tatu ni imani. Januari 2025, radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, Wilaya ya Bukombe, katika Mkoa jirani wa Geita. Misiba ya namna hii huwafanya baadhi ya watu kumtafuta mchawi. Radi ni umeme unaozalishwa ndani ya mawingu na kutafuta njia ya kufika ardhini. Kumtuhumu jirani hakumrudishi marehemu, huvunja amani, na huwaacha watoto wengine wakijikinga chini ya mti ule ule.

Tahadhari imfikie na asiye na simu

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Taarifa hushuka kutoka kwa wataalamu hadi halmashauri, kata, kijiji na kitongoji. Hatua ya mwisho ndiyo ngumu zaidi: bibi anayeishi peke yake, mlemavu wa kusikia, mchimbaji aliye chini ya ardhi, familia iliyolala saa sita usiku na simu imezimika chaji.

Kwa hili, eneo letu lina hazina yake. Sungusungu walianzia huku kwetu, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na filimbi na yowe lao vinajulikana na kila kaya. Ni busara kwa kila serikali ya kijiji kukubaliana katika mkutano mkuu juu ya mlio mmoja wa hali mbaya ya hewa, usiofanana na ule wa wizi, na kumpa kila balozi orodha ya kaya zinazohitaji kugongewa mlango. Ujumbe utolewe kwa Kiswahili na Kisukuma, na ueleze mambo manne: nini kinakuja, wapi, lini, na kila mtu afanye nini. Ujumbe usio na jambo la nne huleta hofu bila kuleta usalama.

Hatua za kuchukua

Kabla ya msimu: chimba mfereji wa kuepusha maji na msingi wa nyumba, ziba nyufa za ukuta, ongeza upana wa paa ili mvua isiloweshe matofali ya udongo, funga mabati na kenchi kwa nguvu. Anayejenga upya anyanyue msingi kwa mawe na saruji.

Tahadhari inapotolewa: chagua mapema nyumba imara zaidi iliyo karibu, kubalianeni na mwenyewe, na wahamishie humo watoto na wazee kabla ya giza. Ukuta uliolowa kwa siku kadhaa usilaliwe karibu.

Radi inapoanza: ingia ndani ya jengo imara au gari lililofungwa. Usisimame chini ya mti, uwanjani wala mtoni. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi ipo karibu. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse, msaidie na umfikishe kituo cha afya haraka.

Kwenye machimbo: mvua ikinyesha, wote watoke. Asirudi mtu kabla ya ukaguzi.

Ajali ikitokea, piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na umjulishe mtendaji wa kijiji. Usisambaze picha au sauti usiyojua ilikotoka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa walioondoka Mwakata usiku ule, hapakubaki nafasi ya kujenga ukuta wala kuziba ufa. Sisi nafasi hiyo bado tunayo. Ukimaliza kusoma makala haya, tafadhali msomee na jirani asiyejua kusoma.