Kuazima Kizazi: Sheria za Nchi Hazikubaliani, Maulamaa Wanasemaje?



Suala hili hutufikia kwa sauti ya chini. Mke ametolewa kizazi, lakini mayai yake mazima. Je, mimba yake na mumewe inaweza kubebwa na mwanamke mwingine, labda mke mwenza? Wengi wanaouliza wamesikia kuwa nchi fulani inaruhusu, wakadhani ruhusa ya serikali inatosha.

Sheria zenyewe zinapingana. California inakubali mkataba wa malipo, na mahakama huweza kuwatambua wenye mkataba kuwa wazazi hata kabla mtoto hajazaliwa. Uingereza udalali wa kibiashara ni kosa tangu 1985, na aliyejifungua ndiye mama mpaka mahakama iamue vingine. Italia ilikataza 2004, na mwaka 2024 ikaongeza kuwa raia wake akienda kufanya nje pia ana kosa. India, wanakokwenda kutibiwa wagonjwa wengi wa visiwani, ilikuwa soko kubwa. Sheria yake ya 2021 imefuta malipo na kuwafungia mlango wageni wasio na asili ya Kihindi.

Anayeumia ni mtoto. Mwaka 2008 alizaliwa binti India kwa mkataba wa wenzi wa Kijapani waliokwisha kuachana. Alikaa miezi mitatu hivi bila kuweza kusafiri, bibi yake akaja kumlea, kwa kuwa Japani humtambua mama kwa kuzaa.

Kwa sisi Waislamu swali la kwanza ni nasaba. Kuhusu mke mwenza, Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu mwaka 1404 Hijria (1984), kisha mwaka uliofuata likaiondoa ruhusa hiyo. Sababu yake si ndogo: mke mwenza huyo naye analala na mume, huenda akashika mimba yake mwenyewe, na mtoto wa nani asijulikane. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Amman, lilitaja njia saba za kupandikiza mimba, likakataza tano, na hiyo ya wake wenza ni mojawapo. Zilizobaki ni za mume na mke peke yao, ndoa ikiwa hai, na mimba irudi kwa mke mwenye yai. Iran baadhi ya maulamaa wa Kishia wameruhusu na hospitali zinafanya. Lakini fatwa hiyo si ya madhehebu yetu.

Na aliyekwisha kufanya, mtoto yupo nyumbani? Mtoto hana dhambi. Maulamaa wengi humhesabu aliyembeba kuwa mama, wakitegemea aya ya 2 ya Suratul Mujadila. Wengine humpa nasaba mwenye yai, na aliyebeba wakamweka daraja ya mama wa kunyonyesha. Kwa kauli zote mbili, watoto wa aliyebeba ni ndugu zake, hawezi kuoana nao. Basi jina la mwanamke yule lisifichwe, na suala la mirathi lipelekwe kwa Kadhi mapema, wazee wangali hai.

Wallahu a'lam.