Mbung'o wa Unguja na Ushahidi wa Mtego Mtupu

Imekuwa desturi kwa baadhi yetu, viongozi na wananchi kwa pamoja, kwamba pakisemwa "wataalamu wamethibitisha", mjadala hufungwa papo hapo. Wapo na wengine ambao kila litokalo kwa wataalamu hulikataa. Makundi yote mawili yanakwepa kazi moja, nayo ni kuuliza jambo hilo limejulikana vipi. Walimu wetu wa chuoni hawakuturuhusu uvivu huo: hadithi haikukubaliwa mpaka ichunguzwe imepokewa na nani, kutoka kwa nani.

Natutazame kisa cha kisiwani petu. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba mbung'o, waambukizao ng'ombe maradhi ya nagana, wamekwisha Unguja. Dawa zilikuwa zimekwisha kuwapunguza mashambani, lakini wa msitu wa Jozani walinusurika. Ndipo, kuanzia 1994, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, mbung'o wakafugwa Tanga kwa mamilioni. Madume wakapigwa mionzi hata wakawa tasa, kisha wakaachiwa kutoka kwenye ndege. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani mwake. Akipandwa na dume tasa, hazai.

Waliouliza kama nzi hao wangetuletea mionzi hawakustahili kuchekwa. Jibu lilikuwepo: mionzi ya gamma humpitia mdudu, wala haimfanyi naye atoe mionzi.

Swali zito lilikuwa jingine. Mbung'o mwitu wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Je, mtego ukiwa mtupu, ni kwa kuwa mbung'o hayupo, au ni kwa kuwa hakupita? Mtego mtupu wa siku moja hauthibitishi kitu. Kwa hiyo mitego iliendelea kutegwa mwaka uliofuata, muda wa vizazi kadhaa vya mdudu huyo, na damu za ng'ombe nazo zikapimwa. Hao ni mashahidi wawili wasiotegemeana. Lau tangazo lile lingekuwa la uongo, palikuwa na mahali pa kuumbukia, na hapo ndipo ulipo uzito wake wote.

Bara mbung'o wangaliko, na ng'ombe huvushwa kuja kwetu. Basi afisa akiletewa taarifa kwamba "hakuna aliyeonekana", aulize mitego mingapi ilitegwa, wapi, na kwa siku ngapi. Taarifa isiyo na hesabu hiyo irudishwe kwa aliyeiandika.