Askari wa 1916 na Rangi Zake

Barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru hupita Kibumba, Rumangabo na Kalengera, pembeni mwa volkeno za Virunga. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, upande huu wote ulikuwa mstari wa vita. Brigedi ya Kaskazini ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ilijipanga kati ya Ziwa Kivu na mpaka wa Uganda chini ya Kanali Philippe Molitor, kisha ikaingia Ruanda iliyoshikwa na Wajerumani. Kigali ilitwaliwa mwezi Mei, na Tabora tarehe 19 Septemba.

Askari wa vita hivyo wamebaki pia katika sanamu ndogo za madini. Kampuni ya William Britain ya London ilianza mwaka 1893 kutengeneza wanajeshi wa madini ya risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, ikaendelea nao hadi 1966. Miongoni mwao walikuwamo askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakiwa na tarbushi nyekundu. Sanamu za aina hii huwa na kimo cha takriban milimita 54. Nyingi zimebabuka, na ndipo hamu ya kuzipaka upya inapozuka.

Kabla ya kugusa brashi, mwenye sanamu aamue kama kweli inahitaji rangi. Ile ya kiwandani, hata ikiwa imechakaa, ni ushahidi wa enzi yake, na wakusanyaji huithamini kuliko rangi mpya. Sanamu inayofaa kupakwa upya ni ile iliyokwisha kubanduka rangi au iliyowahi kuharibiwa na mkono mwingine.

Risasi ni sumu, na rangi za zamani mara nyingi nazo zilikuwa na risasi. Kwa hiyo sanamu haisuguliwi kwa msasa mkavu, maana vumbi lake likivutwa puani hudhuru, hasa watoto. Huoshwa taratibu kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Mtu avae glavu, asile chochote mezani hapo, na anawe mikono akimaliza. Unga mweupe ukionekana, ujue madini yanaliwa na hewa yenye asidi. Kabati la mbao za mwaloni hutoa hewa hiyo.

Baada ya hapo huja swali gumu: rangi gani?

Picha za zamani hupotosha. Sahani nyingi za kamera za enzi hiyo hazikuhisi rangi nyekundu, hivyo tarbushi nyekundu ilitokea karibu nyeusi, na buluu ikatokea nyeupe-nyeupe. Askari wa Force Publique aliingia vitani mwaka 1914 akiwa na sare ya buluu, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi nyekundu. Kaki ilichukua nafasi yake vita vikiendelea. Anayepaka askari wa Kivu hana budi kuchagua kwanza mwaka, ndipo afungue kopo. Mavazi na silaha halisi zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren na makumbusho ya jeshi ya Brussels, nchini Ubelgiji, humsaidia kulinganisha.

Rangi hupakwa kwa tabaka nyembamba juu ya rangi ya msingi, kila moja ikiachwa ikauke. Uso ndio unaotaka subira zaidi. Sanamu nyingi za zamani zilipakwa ngozi nyeusi tii yenye kung'aa, midomo myekundu, askari wote sura moja. Mpakaji makini huanza na kahawia iliyokolea, huongeza wekundu kidogo mashavuni na puani, kisha humpa kila askari kivuli chake. Walikuwa watu mbalimbali, kutoka pande nyingi za Kongo.

Kundi zima likishapangwa, bado linapungukiwa na watu. Jeshi la 1916 halikuwa na magari ya kutosha kulifikisha Tabora. Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya 200,000 katika vita hivyo, na wengi walikufa kwa magonjwa na uchovu. Viwanda vilipenda zaidi wenye bunduki. Sanamu iliyovunjika silaha inaweza kuwekewa mzigo wa udongo wa epoksi kichwani, ikapakwa shuka la kiunoni badala ya sare, na kusimamishwa katika safu pamoja na askari.