Bega la Askari ni Waraka wa Historia

Katika nyumba nyingi za nchi hii mna picha ya babu aliyevaa sare za kijeshi. Imetundikwa ukutani au imefungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku, na nyuma yake hapana jina wala tarehe. Wajukuu huambiwa tu kwamba babu alikwenda vita vya Wazungu. Vita vipi? Vya 1914 au vya 1939? Alipigana wapi, na katika kikosi gani? Aghalabu hakuna ajuaye, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa. Nasema kwamba sehemu ya jibu imo katika picha yenyewe, nayo imeandikwa begani. Walimu wetu na wanafunzi wao wanaweza kuisoma, mradi wajifunze alfabeti yake.

Mimi si mwanajeshi. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, alama za vyeo ni mfumo wa ishara kama lugha ilivyo. Nyota peke yake haisemi neno. Maana yake hutokana na idadi na jirani zake. Katika jeshi la Uingereza, ambalo majeshi yetu yalirithi desturi zake, nyota moja ni luteni wa pili, mbili ni luteni, tatu ni kapteni. Taji ni meja, na taji lililoandamana na nyota moja ni luteni kanali. Na kama zilivyo lugha zote, hii nayo hubadilika. Kabla ya 1902, luteni wa pili hakuwa na nyota yoyote, luteni alikuwa na moja na kapteni mbili. Basi nyota mbili za mwaka 1900 ni za kapteni, na nyota mbili za 1910 ni za luteni. Asiyelijua hilo humshusha mtu cheo bila kukusudia.

Mwaka huohuo wa 1902, tarehe 1 Januari, ndipo King's African Rifles, yaani KAR, ilipoundwa kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Herufi hizo tatu za shaba zikionekana begani, tumekwisha kupata mipaka miwili: picha haikupigwa kabla ya 1902, na yaelekea haikupigwa baada ya uhuru. Tarehe 12 Desemba 1963 vikosi vya KAR vya Kenya, yaani cha 3, cha 5 na cha 11, viligeuka kuwa Kenya Rifles. Jina la 11 Kenya Rifles lilidumu kwa muda mfupi mno, kwani askari wa kikosi hicho waliasi kule Lanet mwezi Januari 1964, nacho kikavunjwa mwaka huohuo.

Ndani ya mipaka hiyo, taji hutusaidia kupunguza miaka. Taji la enzi za wafalme, tangu 1901, lina mapinde yaliyovimba juu mfano wa kuba. Taji la Malkia Elizabeth wa Pili lina mapinde yaliyobonyea katikati. Na Elizabeth alirithi ufalme akiwa papa hapa Kenya, Treetops karibu na Nyeri, usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952. Meja mwenye taji lililobonyea, basi, ni wa baada ya hapo. Mwanafunzi wa leo ajihadhari, kwa maana tangu 2022 Mfalme Charles wa Tatu amerudisha taji la kuba.

Ipo alama nyingine ambayo wazee wetu waliivaa juu ya mkono, chini kidogo ya bega: kichwa cha kifaru. Hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943, ikapelekwa Ceylon, kisha ikapigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944. Hapa Nkoroi ninakoishi, familia moja iliamini kwa miaka mingi kwamba babu yao alikuwa mchukuzi wa mizigo katika vita vya kwanza. Picha yake ilipotazamwa kwa kioo cha kukuzia, kifaru alionekana. Mzee yule alikuwa mpiganaji wa vita vya pili. Wanawe walikuwa wamempa maisha ya mtu mwingine.

Nyota, nazo, zina habari chungu. Mwafrika wa KAR aliweza kuvaa tepe za sajini mkononi, lakini mabega ya maofisa yalikuwa ya Wazungu. Katika miaka ya 1950 kikabuniwa cheo cha efendi, daraja iliyo juu ya sajini lakini isiyofikia uofisa kamili. Ni 1961 tu ndipo maefendi kama Idi Amin na Shaban Opolot wa Uganda walipopewa kamisheni. Neno lenyewe ni la Kituruki, na lilitufikia pamoja na askari wa Kisudani, ambao kizazi chao kingali Kibera hadi leo. Wenzake ni ombasha, yaani mkuu wa watu kumi, na shaushi, maneno yaliyotumiwa pia na askari wa Wajerumani kule Tanganyika.

Lakini msomaji asiharakishe. Alama mpya huthibitisha kwamba picha si ya kale kuliko alama hiyo. Alama ya zamani haithibitishi kinyume chake, kwa kuwa askari huendelea kuvaa vifungo vya zamani hadi vipya vimfikie. Ndivyo tufanyavyo katika isimu: barua inayoutaja mtaa wa Kariokor haiwezi kuwa ya kabla ya vita vya 1914, kwa sababu jina hilo limetokana na kikosi cha wachukuzi, lakini barua isiyoutaja yaweza kuwa ya mwaka wowote.

Na hao wachukuzi? Sanamu ya 1928 jijini Nairobi inamwonyesha mmoja wao kando ya askari. Mabega yao hayakuwa na herufi wala nyota. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawana kaburi lenye jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri dhuluma hiyo mwaka 2021. Bega tupu nalo ni ushahidi.

Kwa hiyo nawasihi walimu: waagizeni wanafunzi walete nakala za picha hizo, wachore kila alama waionayo begani, wawahoji wazee waliosalia, kisha waandike majina kwa penseli nyuma ya picha. Karatasi hupauka na wazee hutuaga. Kikosi kikijulikana, familia itajua pa kuanzia kumtafuta mtu wao katika kumbukumbu za serikali. Kisipojulikana, atabaki askari asiye na jina katika nyumba yake mwenyewe.