Mfundishe mtoto yabisi, kimiminika na gesi ukiwa nyumbani

Je, mtoto wako bado hajapata nafasi shuleni tangu mfike Bwera au Kasese? Somo hili la sayansi mnaweza kulianza leo, kwa vitu mlivyo navyo.

Yabisi: jiwe, kijiko, sufuria. Hubaki na umbo lake popote.

Kimiminika: maji, mafuta, maziwa. Hufuata umbo la chombo.

Gesi: hewa. Husambaa na kujaza nafasi yote. Mwache mtoto apulize puto aone.

Jaribio la chumvi

1. Koroga kijiko kimoja cha chumvi kwenye maji kidogo.
2. Mimina kwenye sahani, uiweke juani.
3. Sahani ikikauka, muulize: maji yamekwenda wapi? Ajibu kwa Kiswahili, Kinande au Lhukonzo, lugha yoyote anayoizoea.

Maji yamegeuka mvuke na kuingia hewani, chumvi imebaki. Hivyo ndivyo wachimbaji wa Ziwa Katwe, hapa wilayani Kasese, wanavyopata chumvi: jua hukausha maji ya vidimbwi vyao. Nayo theluji ya kilele cha Rwenzori ni maji yaliyoganda. Ikiyeyuka, hushuka mitoni.

Tahadhari

Mvuke huunguza; mtoto asisogelee sufuria inayochemka. Jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa, hasa mnapolala. Hutoa gesi isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Mtoto akishaelewa gesi ni nini, ataelewa pia kwa nini jiko linatolewa nje.