Milango ya Moyo na Koo la Mtoto

Tukitembelea majumbani huwa tunaambiwa, "Huyu ni mvivu tu. Akipanda kale kalima na mtungi anatweta kama mzee." Mzazi, kabla hujachukua kiboko, hebu tuangalie moyo unavyofanya kazi.

Kunja ngumi yako. Moyo wako ni karibu ukubwa huo. Ni msuli wenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini na kuisukuma mpaka kwenye mapafu. Wengi huiita damu chafu. Si chafu, imepungukiwa na oksijeni tu. Ikishaipata hurudi upande wa kushoto, chumba cha juu halafu cha chini, ndipo inasukumwa mwili mzima. Hicho cha chini kushoto kina ukuta mnene kuliko vyote, maana kazi yake ni nzito.

Damu hairudi nyuma kwa sababu kuna milango minne, ambayo daktari huiita vali. Ule mdundo unaosikika kifuani ni milango ikijifunga, karibu mara 100,000 kwa siku.

Sasa koo linaingiaje hapo? Makoo mengi huja na mafua, yanapona yenyewe. Lakini kuna viini viitwavyo streptokokasi. Visipotibiwa, baada ya wiki mbili tatu mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, anaweza kupata homa na viungo kuvimba, leo goti, kesho kiwiko. Kinga ya mwili iliyopigana na viini huugeukia moyo wenyewe. Mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto ndio huumia zaidi. Unapata makovu, haufungi sawasawa au haufunguki wote. Damu inasongamana mapafuni, mtoto anatweta. Msichana anaweza kukaa nao miaka bila kujua, mpaka apate mimba na moyo uelemewe.

Maji ya chumvi hutuliza koo, hayaui viini. Mtoto mwenye homa na koo linalouma bila kukohoa apelekwe dispensari. Akipewa penisilini amalize yote, hata akipona siku ya tatu. Ile tabia yetu ya kumwekea ndugu yake nusu ndiyo hatari. Na aliyekwisha kuugua homa hiyo ya viungo hudungwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, hata kama anacheza mpira vizuri. Kadi yake itunzwe pamoja na kitambulisho chako.