Tangi la samaki lisilo na pampu: Kazi ndogo kwa kijana mwenye subira

Ni jambo la kawaida kuona tangi la kioo lenye samaki wa mapambo katika hoteli, kliniki au ofisi jijini Dar es Salaam. Ni kawaida pia kulikuta tangi hilo hilo miezi michache baadaye likiwa kavu, juu yake yamepangwa magazeti ya zamani. Samaki walikufa, fundi akaacha kuja, mwenye ofisi akachoka. Kwa mtazamo wa kiuchumi, kinachoua biashara hii ni gharama ya matunzo, wala si bei ya kioo.

Tufanye hesabu. Kijana mwenye wateja 20, akilazimika kumfikia kila mmoja mara moja kwa wiki, ana safari 80 kwa mwezi. Ukiweka nauli na muda unaoishia kwenye foleni, hakuna kinachobaki. Akiweza kwenda kila baada ya wiki mbili, safari zinakuwa 40. Faida yake imo humo.

Njia ya kufika huko ni tangi la mimea. Mmarekani Diana Walstad aliieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1999: udongo wa kawaida chini, mchanga juu yake, mimea mingi na samaki wachache. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Katika matangi tuliyozoea, pampu hupitisha maji kwenye chujio ambamo bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Umeme ukikatika kwa saa nyingi bakteria hao hukosa hewa na kufa, na samaki hufuata. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulikuwa wakati mgumu kwa matangi ya namna hiyo. Mimea, kwa upande wake, huifyonza amonia moja kwa moja kama chakula. Mkulima hatashangaa; ni naitrojeni ile ile anayoinunua kwenye mfuko wa urea.

Tangi la urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 45 hubeba lita 162 likijaa, yaani zaidi ya kilo 160 za maji peke yake. Meza ya kawaida ya ofisi haifai. Fundi vioo anaweza kulitengeneza, ila asisitiziwe kutumia silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo hudhuru samaki.

Udongo uwe wa bustani, usiotiwa samadi wala mbolea, uchekechwe na kutandazwa unene wa sentimita mbili na nusu. Juu yake weka mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, unene kama huo. Wengi huongeza udongo wakidhani wanaongeza rutuba. Ukizidi, huoza chini na kutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Maji magumu ya kisima si tatizo kwa gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi, lakini yale yenye chumvi ya kuonjeka yaache.

Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, huota hata katika Ziwa Tanganyika na haihitaji malezi. Ukienda kuchukua mimea bwawani, vaa buti, kwani konokono wa maji yaliyotuama hueneza kichocho. Kisha iweke mimea kwenye ndoo wiki moja uwaondoe ruba na wadudu. Gugu maji usiliguse kabisa, tumeona lilivyolitesa Ziwa Victoria.

Panda kwa wingi tangu siku ya kwanza, kisha subiri wiki tatu au nne kabla ya kuweka samaki. Hapa ndipo wengi huharibu. Mteja amelipa, anataka kuona samaki kesho, na fundi anakubali. Udongo mpya hutoa amonia, mimea bado haijashika mizizi, samaki wanakufa na jina la fundi nalo linakufa. Gapi kumi wanatosha kuanzia. Perege msiwaweke jamani, watakula mimea yote na kuchimba sakafu. Sato vilevile.

Taa iwake saa nane hadi kumi kwa siku. Tangi lisikae kwenye dirisha lenye jua kali, maji yatageuka kijani. Kwa joto la Pwani hakuna haja ya kifaa cha kupasha maji. Arusha au Njombe ni habari nyingine.

Katika mkataba, andika nani analisha samaki. Sekretari, mlinzi na mhudumu wote wakilisha kwa mapenzi yao, tangi litachafuka kabla hujarudi. Mtu mmoja, mara moja kwa siku, chakula kinachoisha ndani ya dakika mbili. Ofisi ikifungwa kwa sikukuu siku tatu au nne, samaki wazima hawatadhurika wasipolishwa.